Kasha Lililohama Sebuleni

"Weka sahihi hapa," alisema Don Eutimio, "kwamba vijiko ni sita."

Sajini Leocadia Arranz aliitazama karatasi, kisha akamtazama mwenye karatasi. Ilikuwa Alhamisi, saa saba mchana. Mpangaji wa nyumba ile, Bi Amparo Llorens, mwalimu mstaafu kutoka Valencia, hakuwa ameonekana tangu jana asubuhi. Vidonge vyake vya moyo vilikuwa bado juu ya kimeza cha kitanda, na daktari wake alishasema kwa simu kwamba siku mbili bila vile vidonge ni nyingi. Siku moja na robo ilikuwa imekwenda. Na huyu hapa anataka sahihi ya vijiko.

"Don Eutimio, kuna mtu amepotea."

"Ndiyo maana nasema. Mtu akipotea, vitu humfuata. Jana jioni mmepekua na askari wanne. Wanne! Hii nyumba nimeikodisha na kila kitu ndani, kuanzia kitanda mpaka pasi. Kikipungua kitu nimuulize nani?" Akamkodolea macho. "Hivi wewe si binti wa Honorato, mchinjaji?"

"Ndimi."

"Baba yako alikuwa mtu wa heshima. Alikuwa akiambiwa aweke sahihi, anaweka."

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Tumbo la Koplo Fermín Cuesta likaingia, na baada ya muda mfupi Fermín mwenyewe akafuata. Alikuwa na matope mpaka magotini na mfuko wa plastiki mkononi.

"Afande, wapiga mbizi wameanza kazi chini ya daraja. Kamanda anataka sote tushuke mtoni. Hii hapa skafu. Dada yake Bi Amparo ameiona kwenye picha, amesema ni yake, akakata simu analia."

"Ilikuwa wapi?"

"Imenasa kwenye matete, karibu na kinu cha zamani."

Leocadia alivaa glavu, akaitandaza skafu juu ya meza ya jikoni. Ilikuwa ya njano, kavu, na mikunjo ya pasi bado inaonekana, imenyooka kama mistari ya daftari.

"Jana usiku mvua ilinyesha, sivyo?"

"Ilinyesha mpaka paka wa mama mkwe wangu akaomba kulala ndani, na yule paka huwa hamwombi mtu."

"Ikakatika saa ngapi?"

"Saa saba usiku, afande."

"Basi hii skafu ilikuwa na mwavuli."

Don Eutimio akaanza kupanga vijiko vyake upya ingawa vilikuwa vimepangwa.

"Viatu?" Leocadia aliuliza.

"Pea nne, chini ya ngazi. Za matope, za kutembelea, za kanisani, na nyekundu ambazo sijui huwa zinakwenda wapi. Ndara za ndani ndizo hazipo."

"Umewahi kumwona mama wa miaka sitini na sita akienda mtoni na ndara za ndani?"

"Mama yangu hata kutupa takataka hubadilisha viatu. Na rangi ya mdomo anapaka."

"Kwa hiyo huyu hajatoka."

"Afande, jana tumepekua kutoka darini mpaka sakafuni. Mimi mwenyewe nilifungua hadi tanuri."

"Tanuri ulilifungua kwa sababu nyingine, Fermín, tusidanganyane." Akamgeukia mwenye nyumba. "Nipe hiyo orodha. Nitaweka sahihi kila ukurasa. Ila tuhesabu kwanza, chumba kwa chumba, mimi na wewe."

Uso wa mzee ukang'aa. Hatimaye serikali imepata akili.

Orodha ilikuwa kurasa saba, imepigwa taipu. Katika mji huu wa Ribacastro hakuna mtu anayekabidhi nyumba yenye samani bila karatasi kama ile. Mwenye nyumba na mpangaji hupita pamoja, wanagusa kila kitu kwa mkono, kisha wanatia sahihi chini ya kila ukurasa. Lakini ya Don Eutimio ilikuwa imepita kiasi. *Vijiko vya supu, sita, kimoja kimepinda kidogo kushoto. Picha ya Bikira Maria, moja, ina vumbi lisilotoka.* Mtu wa namna hiyo ukihamisha kiti chake shubiri moja anaweza kukushtaki.

Walianza jikoni.

"Sufuria nne."

"Nne."

"Jagi la udongo la lita mbili, moja," Leocadia alisoma.

"Halipo. Amelivunja."

"Vipande viko wapi?"

Don Eutimio akachungulia chini ya sinki.

"Kinara cha mshumaa, cha shaba, kimoja."

"Hakipo. Unaona? Ameiba!"

"Ameiba jagi na kinara, akaacha mkoba, viatu na dawa za moyo. Mwizi wa ajabu sana." Akafungua ukurasa. "Korido. Kioo kimoja, saa ya ukutani moja, ndoano tatu za makoti. Basi?"

"Basi."

"Na hili zulia?"

Wote watatu wakaangalia chini. Lilikuwa zulia jekundu, refu, limelala katikati ya korido kama lilizaliwa pale. Leocadia akapekua kurasa taratibu, akalipata kwenye ukurasa wa tano: *Chumba cha kulala, juu. Zulia jekundu, moja.*

"Wapangaji hawa!" alisema Don Eutimio haraka. "Wanahamisha vitu hovyo."

Leocadia alilikunja zulia kwa ncha ya kiatu. Kwenye vigae vya udongo kulikuwa na michirizi miwili myeupe, sambamba, iliyotoka mlango wa sebule na kuelekea mlango wa stoo. Unga mwekundu wa vigae ulikuwa bado mpya pembezoni mwa michirizi. Kwenye korido saa ya ukutani iligonga saa saba na robo, na Leocadia alijikuta akiitazama kama vile ilikuwa imemsema.

"Sebuleni kuna nini, Don Eutimio?"

"Kiti cha kubembea. Meza. Kabati la vyombo."

"Umeruka mstari wa kwanza. *Kasha la mbao za mjozi, la marehemu bibi, chini ya dirisha.*"

Chini ya dirisha palikuwa na vigae tu, vya rangi mbichi kuliko wenzake, vimekaa mraba mrefu wa ukubwa wa kasha. Fermín alikuwa ameshafuata michirizi. Walimkuta ndani ya stoo, amesimama mbele ya kasha jeusi lililobanwa chini ya rafu za jamu.

"Lisogeze," alisema Leocadia.

Fermín akakaza mikono, akatia miguu, akavuta. Kasha lilikaa. Aliyesogea alikuwa Fermín.

"Mama wa miaka sitini na sita," Leocadia alisema, "mgonjwa wa moyo."

"Labda alikuwa na rafiki mwanamume," alisema Don Eutimio. "Siku hizi..."

"Labda. Chini ya stoo hii kuna nini?"

"Udongo."

Fermín alikohoa. "Afande... chini ya hapa ni pango la mzee Baldomero."

Leocadia alifumba macho kidogo, akayafumbua. Jana yeye mwenyewe ndiye aliyetia sahihi ripoti: nyumba yote imepekuliwa. Na ilikuwa kweli. Hati ya hakimu ilisema nyumba namba kumi na mbili, na askari wanne, wote wazaliwa wa Ribacastro, wakapekua namba kumi na mbili mpaka wakafika sakafuni, wakasimama hapo kama mtu anavyosimama kwenye ua wa jirani. Hapa mwenye nyumba ya juu si lazima awe na pango la chini. Mababu walichimba mapango ya divai chini ya wenzao, hati ni nyingine, familia ni nyingine, mlango uko mtaa mwingine. Mgeni yeyote angeuliza kuna nini chini. Wao hakuna aliyeuliza, kwa kuwa wote walijua, na walijua kwamba si la nyumba hii.

"Mlango wa pango uko Mtaa wa Nyuma, kwa Baldomero," alisema Don Eutimio. "Hapa hakuna njia."

"Sijauliza njia."

Akaingiza bega lake kando ya bega la Fermín. Safari hii kasha lilikubali, huku likipiga kelele. Chini yake kulikuwa na mlango wa sakafuni, mbao mpya, bawaba zinang'aa mafuta.

"Mama yangu," alisema Fermín.

Walipouinua, harufu ilipanda: tamu, kali, ya zabibu zilizochacha. Ilikuwa Oktoba, siku ya tisa tangu zabibu zikamuliwe. Katika mji ule hata mtoto wa chekechea anajua kwamba divai inapochemka yenyewe mapangoni hutoa hewa mbaya isiyo na rangi, inayotulia chini kama maji kwenye beseni. Huzima mshumaa kwanza, halafu mwenye mshumaa. Lakini Bi Amparo alikuwa mtu wa Valencia. Kule wanalima machungwa, na chungwa halijawahi kumkaba mtu koo.

"Bi Amparo!" Leocadia aliita. "Bi Amparo!"

Ilirudi sauti yake mwenyewe tu, imepoa.

Fermín alileta mshumaa, wakausimamisha ndani ya kopo, wakafunga kamba. Leocadia akaushusha kando ya ngazi za pango. Daraja la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye daraja la nne mwanga uliangukia ndara moja ya bluu, yenye kishada cha sufi, imelala ubavu. La tano. La sita. Kwenye la saba mshumaa ukazimika, bila kupepesuka, kama umefinywa na vidole.

Wakauwasha tena. Ukazimika palepale.

Fermín tayari alikuwa analoweka kitambaa kwenye sinki. "Nafunga puani, nashuka mbio, napanda mbio."

"Hushuki."

"Afande, kama yuko pale chini—"

"Kitambaa hakizuii kitu, na wewe unajua. Nitakuwa na watu wawili wa kutafuta, na mmoja wao hakuna atakayeweza kumbeba." Alikuwa ameshashika simu ya upepo. Zimamoto wenye mitungi ya hewa: dakika arobaini. Gari la wagonjwa: linatoka sasa hivi. Alirudia anwani mara mbili.

Don Eutimio alikuwa ameketi juu ya gunia la viazi.

"Kwenye tangazo niliandika nyumba ina pango lake la kihistoria," alisema, bila kuulizwa. "Watu wa mijini wanapenda. Na jagi moja la divai kila siku, bure."

"Divai ya nani?"

"Baldomero ana mapipa kumi na mawili. Hawezi kujua."

"Na akijua?"

"Ananipeleka mahakamani. Nyumba hii naipoteza."

"Kasha ulilisogeza lini?"

"Jana asubuhi, likiwa tupu; vitu nimelijaza baadaye. Nilikuta mlango uko wazi, nikaufunga, basi. Nikadhani mama ametoka kutembea. Kasha niliweka ili... ili mtu asije akatumbukia."

"Na skafu ikatembea yenyewe mpaka mtoni."

Leocadia alimwita askari aliyekuwa akilinda mlango wa mbele. "Huyu asitoke. Na huu mlango wa sakafuni uachwe wazi." Kisha kwa Fermín: "Ngazi za Baldomero zinafika juu kiasi gani?"

"Juu kuliko hizi. Ua wake uko mlimani zaidi."

"Na hewa mbaya hukaa chini."

"Hukaa chini," alisema Fermín, na safari hii tumbo lilibaki nyuma.

Mzee Baldomero, mwenye miaka themanini na minne, alikuwa mezani mbele ya sahani ya dengu na soseji ya damu, runinga ikipiga kelele mpaka glasi zinatetemeka. Kifaa chake cha kusaidia masikio kilikuwa juu ya kabati, ndani ya bakuli moja na meno ya bandia. Vyote viwili alikuwa akivivaa siku za sikukuu.

"Ufunguo wa pango!" Leocadia alipaza sauti.

"Pango? Divai inachemka. Hafunguliwi mtu. Njooni Novemba."

"Kuna mtu ndani!"

"Nani?"

"Mpangaji wa Eutimio!"

"Yule yuko mtoni, redio imesema." Baldomero alichovya mkate kwenye dengu. "Maskini. Jana asubuhi nilikuwa palepale namba kumi na mbili na Eutimio, nimekunywa kahawa saa nzima, tunazungumza mavuno. Sikumwona, wala sikusikia mtu."

Alisema *sikusikia* kwa fahari, kama mtu mwenye masikio ya mbwa. Leocadia alizima runinga.

"Jana asubuhi saa ngapi, mzee?"

"Saa mbili. Nilibisha, akachelewa kufungua, akatoka anahema kama punda. Nikamwambia, Eutimio, uzee umekukuta jikoni."

"Mzee Baldomero. Ufunguo."

Kitu fulani kwenye uso wa Leocadia kilifanya kazi ambayo sauti haikuweza. Mzee akainuka, akatungua nyuma ya mlango ufunguo wa chuma mrefu kama kisu cha mkate. Fermín akanyoosha mkono.

"Koma, we kijana mnene. Pango ni langu, nafungua mimi."

Ua ulikuwa na hatua ishirini, na Baldomero alizitembea zote moja baada ya nyingine, hakuiruka hata moja. Mlango wa pango ulikuwa nyuma ya makreti matupu ya zabibu. Fermín aliyatupa pembeni matatu matatu. Leocadia alibandika sikio kwenye mbao, akapiga kofi, akasikiliza. Hakusikia kitu. Akapiga tena.

"Mshumaa kwanza," alisema Baldomero.

"Mzee, fungua!"

"Usinifokee, mimi si kiziwi. Kaka yangu alifungua bila mshumaa. Nilikuwa na miaka tisa." Akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ikakatika. Ya pili ikawaka, upepo ukaichukua. Leocadia alikusanya viganja kuizunguka ya tatu. Mshumaa ukashika moto. Ufunguo ukazunguka mara moja, ukakwama, ukazunguka mara ya pili.

Mlango ule hufunguka kwa nje. Ulipofunguka, mkono wa mtu ulikuja nao.

Bi Amparo alikuwa ameketi daraja la juu kabisa, ameegemea mbao, mguu mmoja una ndara na mwingine hauna. Alianguka ubavu polepole kama nguo inayoteleza kwenye kiti. Mwali wa mshumaa ukainama, ukawa mdogo, ukawa wa bluu. Baldomero aliushikilia mbele yake, hapumui. Mwali ukabaki.

"Mtoe!" alisema Leocadia.

Fermín alimnyanyua kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mkate uliotoka tanurini, akamlaza kwenye jua. Leocadia alipiga magoti, akaweka vidole viwili shingoni. Hakupata kitu. Akasogeza vidole. Midomo ilikuwa ya rangi ya zabibu. Akasogeza tena, akafunga macho, na hapo akaupata: mapigo membamba, mawili ya haraka, kisha kimya kirefu mno, kisha moja.

"Yupo," alisema. "Yupo. Gari liko wapi?"

"Linapanda mlima, afande. Nalisikia."

Baldomero alikuwa bado mlangoni. Alikuwa amegeuza mshumaa kuangalia upande wa ndani wa mbao zake. Pale, kwa urefu wa mtu aliyeketi, rangi ilikuwa imechubuka duara zima, na katikati ya duara kulikuwa na madoa yaliyokauka. Leocadia akatazama vifundo vya vidole vya Bi Amparo, akavirudisha taratibu juu ya tumbo lake.

Bi Amparo akafumbua macho. Ilimchukua muda kupata sauti yake.

"Nimegonga," alisema. Ilibidi Leocadia ainame. "Tangu jana. Kulikuwa na runinga. Nilikuwa nasikia hata matangazo."

"Usizungumze, Bi Amparo. Wanafika."

"Mshumaa ulinizimikia. Nikapanda gizani, nikaona mwanga wa stoo. Don Eutimio alikuwa amesimama pale juu, nimeona viatu vyake. Nikamwita." Alipumua mara mbili, tatu. "Akainama kabisa, akaniangalia. Akaniambia, 'Subiri kidogo, Bi Amparo, nina mgeni.' Ndipo akafunga."

King'ora kilikuwa kimeshaingia Mtaa wa Nyuma.

"Nikasubiri," alisema. "Kifua kilipobana nikazuia pumzi, nikafuata upepo, nikafika huku."

Leocadia alichukua simu ya upepo. Alibonyeza. "Don Eutimio mtieni pingu," alisema.

Mzee Baldomero alikuwa amekaribia. Alipiga goti moja kwa shida, mshumaa ungali unawaka mkononi juani, na Bi Amparo, ambaye alidhani ni mzee huyu aliyemsikia na kumfungulia, aliutafuta mkono wake akaubana kwa vidole vyake vilivyochubuka. Midomo yake ikanong'ona asante. Mzee akatega sikio, akatabasamu, akamtazama Sajini.

"Anasema nini?"

Fermín aliangalia makreti.

"Semeni kwa nguvu, jamani," alisema Baldomero. "Nimeambulia neno mgeni tu. Huyo mgeni ni nani? Anasema nini?"

Hakuna aliyepaza sauti.